Tupeane uzoefu: mlinzi uliyemwamini kumbe ana bosi mwingine

Wakuu habari za jioni. Huku Mafinga baridi linakata masikio ila kinachoniuma mimi ni kingine. Kama ulishawahi kuweka mlinzi, awe mtu, mbwa au mashine, ukalala usingizi wote kumbe huyo huyo ndo anakupangia, lete kisa chako hapa. Naanza mimi.

Nina yadi ya mbao. Miaka yote ililindwa na mzee mmoja wa Kihehe, ana tochi yake, rungu na koti zito, ukimkuta ni kamwene tu, maneno mengi hana. Mwaka jana mbao zikaanza kupungua, leo ishirini, kesho kutwa thelathini, nikaona mzee kachoka. Kuna kijana fundi nilikuwa namwita mdogo wangu maana kwangu ameshakula sana, akaniambia kaka funga kamera, huyo ni askari asiyelala wala haombi ruhusa ya msiba. Nikafunga 4, moja ile inayogeuka huku na huku. Kila kitu alifanya yeye, aplikesheni kwenye simu aliniwekea yeye, nikawa hata nikiwa Makambako yadi naiona kiganjani. Nilifurahi jamani.

Wizi ndo ukazidi sasa. Nikifungua rekodi ya usiku wa tukio namuona mzee yupo kibandani, halafu kuanzia saa saba mpaka saa tisa hamna kitu, picha imeruka. Fundi mara ya kwanza akasema ni umeme, mara ya pili akasema kaka mle ndani usiku yupo nani zaidi ya mzee, si ndo anazima swichi. Nikaamini. Nikamfukuza mzee asubuhi mbele ya vijana wa mashine. Akanikabidhi tochi akaniambia, "Baba, ile kamera usiku huwa inageuka yenyewe kabla watu hawajaja." Nikaona anatafuta pa kujifichia.

Aliyenishtua ni mke wangu. Jioni anahesabu mzigo kaona kamera inageuza shingo inamfuata mpaka mlango wa ofisi, akanipigia, mbona unanichungulia? Mimi nilikuwa kwenye basi nashuka Kitonga, simu ilikuwa mfukoni muda wote.

Nikaleta fundi mwingine. Akakuta akaunti kuu imefunguliwa kwa namba ya yule kijana, mimi nimeongezwa tu kama mtu wa kutazama. Yaani kwenye yadi yangu mgeni ni mimi! Mzigo ukiingia anauona, anajua mzee anazunguka saa ngapi na anakaa saa ngapi, muda ukifika anaigeuzia kamera ukutani, anazima kurekodi, wenzake wanaingia kwa nyuma, wakimaliza anairudisha ilivyokuwa. Miezi 7. Na mimi ndo nilikuwa namlipa. Kesi ipo polisi kwa hiyo hapo sitasema zaidi.

Mama Fremu, Mwanjelwa
Pole sana kaka. Wangu ni binti niliyemlea mwenyewe, nikamwachia laini ya uwakala na namba ya siri. Hakuiba siku moja, alianza na elfu mbili anaangalia kama nitashtuka, nikinyamaza anapandisha elfu tano, mpaka nakuja kujumlisha ni mtaji mzima umeondoka. Muda wote huo kila asubuhi ananipa shikamoo mama na chai ananiwekea. Hela nimeshasamehe, ile shikamoo bado.

Mkulima Tukuyu
Mimi mbwa. Kumbe wezi wa parachichi walikuwa wanamrushia mifupa muda mrefu kabla ya kuvuna, siku wamekuja na viroba akawapokea kwa mkia. Simlaumu mbwa, mimi nilikuwa simlishi vizuri.

Dereva wa semi, Tunduma
Naomba niongee upande wa pili maana mimi ndo nilikuwa yule mzee wenu. Bosi alifunga kifaa cha GPS, siku moja mtandao ukakata, kifaa kikaganda sehemu ya mwisho kilipopata mawasiliano, kwenye simu ya bosi ikaonekana nimesimama Chimala masaa matatu, wakati mimi nipo foleni ya mpakani. Akasema nimeuza mafuta. Sikusikilizwa, mashine ndo ilisikilizwa, nikafukuzwa na watoto shule ilikuwa inafunguliwa wiki ile. Kaka, huyo mzee umeshamfuata?

Fundi Soweto, Mbeya
Hii ya kamera naikuta sana. Wengine hata fundi mwizi hawana, wameacha tu paswedi ya kiwandani, na hizo zinajulikana dunia nzima. 2016 kirusi kinaitwa Mirai kilikuwa kinapita kwenye intaneti kinajaribu paswedi hizo hizo za kiwandani, kikateka makamera, DVR (mashine za kurekodia kamera) na rauta nyingi mno zikawa jeshi moja, na tarehe 21 Oktoba likatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa inaelekeza simu na kompyuta tovuti zilipo, watu Marekani wakawa hawafungui Twitter wala Netflix. Wenye kamera zao walikuwa wanaziona zinafanya kazi kama kawaida. Mkuu, kumtoa kwenye simu yako haitoshi. Rudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani, fungua akaunti kwa namba yako mwenyewe, weka paswedi mpya, na ya rauta badilisha pia maana aliiweka yeye.

Mleta mada
Fundi nashukuru, nimefanya hivyo hivyo jana. Dereva, swali lako lilininyima usingizi. Jumamosi nimemfuata mzee kijijini, nimemkuta anapalilia viazi. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye matuta nikaomba msamaha, nikamlipa na miezi aliyokaa nje. Akanyamaza muda mrefu, baadae akaniuliza mama watoto hajambo.

Atarudi akimaliza viazi. Ameomba kitu kimoja tu, ile kamera inayoangalia kibanda chake itolewe. Nimeshaitoa, na tochi yake nimeirudisha pale pale kwenye msumari.