Mtoto anasoma bila kukosea lakini polepole mno: je, tafiti za disleksia zinamhusu?

Mwalimu wa Darasa la Tatu (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi yenye wanafunzi 84 katika chumba kimoja, na ninaomba ushauri kuhusu mvulana wa miaka 10 ambaye amenisumbua akili tangu muhula ulipoanza. Juzi nilimwandikia ubaoni sentensi hii: "Walipofika sokoni waliwakuta wachuuzi wamekwisha kuondoka." Aliisoma akiwa ameweka kidole chini ya kila silabi, wa-li-po-fi-ka, na hakukosea hata moja, lakini saa ya ukutani ilihesabu sekunde 40 kabla hajafika mwisho. Nilipomuuliza ni nani walioondoka, alinitazama tu. Kwenye imla ndiko mambo yanakoharibika zaidi, kwani "mbuzi" huandika "buzi", "nyumba" huandika "yuba", na "ng'ombe" ikawa "gobe". Si mtoto mzito wa akili. Bibi yake huuza karanga karibu na stendi, na mvulana huyu ndiye anayehesabu chenji, bila karatasi wala kalamu.

Nimejaribu kusoma tafiti za ufundishaji wa wanafunzi wenye ulemavu wa ujifunzaji, hasa disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili, na karibu zote nilizozipata zinahusu watoto wanaosoma Kiingereza, ambao hupimwa kwa kuhesabu maneno waliyoyasoma vibaya. Kwa kipimo hicho mwanafunzi wangu hana tatizo lolote. Je, matokeo yale yanamhusu? Na katika yote yaliyopendekezwa, ni lipi lililothibitika ambalo mwalimu mwenye ubao na chaki tu anaweza kulifanya? Katika semina moja tuliambiwa tutafute kwanza kama mtoto hujifunza kwa macho, kwa masikio au kwa mikono, kisha tumfundishe kwa njia hiyo pekee. Nilijaribu, sikuona tofauti.

Mkufunzi wa Chuo cha Ualimu

Mwalimu mwenzangu, umegusa jambo ambalo hata vyuoni tunalipita haraka. Kabla ya yote, hakikisha mtoto amepimwa macho na masikio, maana asiyesikia vizuri naye huiacha "m" ya "mbuzi". Baada ya hapo, usidhani kwamba kipimo kilichobuniwa kwa Kiingereza kinaona kila kitu. Maandishi ya Kiingereza hayaendi sambamba na sauti, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia hukosea waziwazi na kugundulika mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni. Wengi wao walisoma maneno ya kawaida karibu yote kwa usahihi, ilhali watoto wa Uskoti waliosoma Kiingereza walipata takriban thuluthi moja tu. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1993, Heinz Wimmer alikuwa ameonyesha kwamba watoto wa Austria wenye disleksia, wanaosoma Kijerumani, husoma kwa usahihi mkubwa huku kasi yao ikiwa chini mno. Mwanafunzi wako angeweza kukaa nao dawati moja.

Kwa upande wa Kiswahili, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza makosa ya tahajia ya watoto, wakaeleza mwaka 2003 kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kufuata sauti si kazi ndogo kama tunavyojigamba. Sisi walimu tumezoea kusema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, basi anayeshindwa ni mvivu. Msemo huo umeumiza watoto wengi. Ili kuandika "mb" inambidi mtoto atambue kwamba sauti anayoisikia kama moja inaandikwa kwa herufi mbili, na kuichanganua sauti ndicho hasa kinachomshinda mtoto mwenye disleksia.

Usisubiri mtaalamu aje na kipimo cha akili. Samuel Kirk alipolieneza jina "ulemavu wa ujifunzaji" kule Chicago mwaka 1963, kazi ya kuwatambua watoto hao ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na kwa miaka mingi shule za Marekani zilitegemea pengo kati ya alama za akili na alama za darasani. Mtoto alilazimika kushindwa kwa miaka kadhaa ndipo pengo lionekane. Marekebisho ya sheria yao ya mwaka 2004 yaliruhusu njia nyingine: mfundishe mtoto kwa utaratibu mzuri, pima maendeleo yake mara kwa mara, kisha uone anaitikia vipi. Hilo unaliweza.

Kuhusu kilichothibitika, mwaka 1998 Lee Swanson na Maureen Hoskyn walikusanya tafiti 180 za kufundisha wanafunzi hawa, wakakuta kwamba matokeo bora hupatikana mwalimu anapounganisha mambo mawili. La kwanza ni kufundisha moja kwa moja: hatua ndogondogo, mwalimu anaonyesha, mtoto anarudia, anasahihishwa papo hapo. La pili ni kumfundisha mbinu ya kutumia anapokwama akiwa peke yake. Hakuna uchawi hapo, ila kunahitaji uvumilivu na dakika 15 za kila siku ambazo najua huna.

Mwalimu kutoka Nakuru

Hujambo mwalimu. Mkufunzi amesema ya vitabuni, nami niongeze ya darasani, na nitaonyesha wapi nasema kwa uzoefu wangu tu.

Kasi hujengwa kwa kusoma kifungu kilekile mara tatu au nne, na jambo hili limechunguzwa tangu S. Jay Samuels alipoliandikia mwaka 1979. Chagua kifungu cha maneno 50 hivi, msomee wewe kwanza kwa sauti ya kawaida, asome nawe pamoja, kisha asome peke yake kwa dakika moja huku ukihesabu maneno. Andika idadi kwenye daftari lake ili aione ikipanda. Huku kwetu tulizoea kuhesabu maneno kwa dakika tangu Tusome, mradi wa kufundisha kusoma katika shule za msingi za Kenya, ulipoanza mwaka 2015, lakini tahadhari, usihesabu mbele ya darasa zima. Mtoto akichekwa mara moja, kifungu hicho kimeharibika.

La pili ni uzoefu wangu. Mwanafunzi wako amekwama kwenye silabi kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha: ba, be, bi, bo, bu. Neno "waliwakuta" lina silabi tano, ila vipande vya maana ni vinne: wa, li, wa, kuta. Mimi huandika "kuta" kwa chaki ya rangi, kisha nabadilisha mbele yake tu: niliwakuta, tuliwakuta, hatukuwakuta. Baada ya wiki chache jicho linaanza kulidaka shina lenyewe, na hapo ndipo mtoto anapopata nafasi ya kufikiri ni nani aliyekutwa.

Kwa "mb", "nd" na "ng", mwambie abane pua kwa vidole viwili na kutamka "buzi", kisha "mbuzi". Neno la pili litamgomea puani, naye atacheka, lakini ameihisi ile "m" ambayo sikio lilimficha. Uliza pia nyumbani wanazungumza lugha gani. Watoto wangu wa Kikuyu hutatizika na "b" na "mb" kwa sababu ya lugha ya mama, na hiyo si disleksia. Hunyooka kwa mazoezi ya miezi michache.

Mama wa mwanafunzi (Mombasa)

Ninaomba kuongeza neno kama mzazi. Binti yangu ana tatizo hilohilo, na kuna mtu alituuzia miwani ya vioo vya rangi kwa fedha ambazo ningelipia karo ya muhula. Baadaye nilisoma tamko la pamoja la madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani la mwaka 2009, lisemalo kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa miwani hiyo au mazoezi ya macho hutibu disleksia. Ningelijua mapema. Je, programu za simu zinafaa? Naziona zikitangazwa sana.

Mkufunzi wa Chuo cha Ualimu

Pole sana, mama. Lile la semina nalo ni la aina hiyohiyo: mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, wakasema ushahidi hautoshi kulijengea darasa. Kwa upande wa programu, Chuo Kikuu cha Jyväskylä cha Finland kilitengeneza mchezo wa kuunganisha herufi na sauti, ukajaribiwa Zambia kwa Kinyanja. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, faida iliyo kubwa zaidi ilionekana pale ambapo mwalimu aliucheza na wanafunzi nao wakaucheza. Simu iliyoachiwa mtoto peke yake usiitegemee sana.

Mwalimu wa Darasa la Tatu (Morogoro)

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kujibu kwa makusudi ili nijaribu kwanza. Zahanati imempima, macho na masikio yako salama. Nyumbani wanazungumza Kiswahili. Nimekaa naye kwa wiki mbili wakati wenzake wakinywa uji. Katika kifungu cha kwanza alisoma maneno 14 kwa dakika, na mara ya nne akafika 23. Leo nimempa kifungu kipya kabisa, akasoma 16, na nilipomuuliza habari yenyewe alijibu maswali mawili kati ya matatu. Kubana pua kumempendeza mno hata anawafundisha wenzake uani. Kwenye imla ya jana "mbuzi" imeandikwa "mbuzi", ila "nyumba" sasa ni "nyuba", kwa hiyo Jumatatu tunarudia "mb" katikati ya neno kabla ya kugusa "ng'".