Wenyeji wanasema "ni karibu tu": nijiandaeje kwa matembezi ya vilimani nje ya mji?

mgeni_njiani
Habari wakuu. Nipo ugenini, na marafiki wawili wenyeji wamenialika Jumamosi tukapande vilima vyenye msitu nje kidogo ya mji. Nikiuliza umbali najibiwa "ni karibu tu". Nina raba za kawaida, begi dogo la mgongoni na simu. Niwaulize nini kabla sijakubali? Maji nibebe kiasi gani? Na ramani ina kazi gani ikiwa wenyeji wapo?

Kanyaga_Taratibu
Hiyo "karibu" wameipima kwa miguu yao, si kwa yako. Aliyepita njia mara ishirini hahesabu tena vilima. Waombe namba: kilomita za kwenda na kurudi, jumla ya mita za kupanda, na kama mnarudi njia ileile au mnazunguka. Hilo la mwisho watu hulipuuza, kumbe ndilo linaloamua mambo: kwenye njia ya mzunguko, mkishapita nusu, kugeuza hakufupishi chochote.

Ukipata namba, tumia kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti (1892): saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa mtu mkakamavu asiyepumzika. Mgeni aongeze theluthi. Kisha pangeni saa ya kugeuza mkiwa bado mjini. Ikifika mnageuza, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Karibu na Ikweta, jua likishazama mwanga hudumu kama dakika 20 tu.

Nyayo
Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, hadi lita nzima kwenye joto kali. Lita moja ni kilo moja mgongoni, kwa hiyo uliza kama njiani kuna kijito kisichokauka. Maji yake yachemshe, yatokote dakika 1. Juu ya mita 2,000 ni dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka yakiwa na joto pungufu. Vidonge vya klorini kwa kawaida huhitaji dakika 30, na maji ya matope yachuje kwanza kwa kitambaa, maana uchafu hula klorini. Kunywa kidogo kidogo, na ubebe kitu chenye chumvi. Maji matupu yakizidi huzimua chumvi ya mwili. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, na mtu akidhani ni kiu huzidi kunywa.

Raba zako zigeuze utazame soli. Zikiwa zimelika, shida haitakuwa kupanda bali kushuka, hasa kwenye majani yaliyolowa. Kata kucha za miguu siku moja kabla, na mkianza kuteremka kaza kamba kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Ukihisi sehemu inawaka, simama ubandike plasta hapohapo. Lengelenge likishajaa maji umechelewa. Soksi za pamba hushika jasho, ngozi hulainika na kuchubuka. Na usije ukanunua viatu vipya Ijumaa. Heri raba kuukuu.

Ramani achana nayo. Kumfuata mwenyeji huku unachungulia simu ni kumwambia humwamini.

Kipenga
Hapo kwenye ramani nakupinga, Nyayo. Mwenyeji akiteguka mguu, nani ataeleza mlipo? Pakua ramani ya eneo zima kabla ya kutoka, weka alama mlipoacha gari, kisha simu iwe katika hali ya ndegeni: GPS hupokea satelaiti bila mtandao, na kinachomaliza betri porini ni simu kuhangaika kutafuta mnara. Si lazima uitazame mbele yao.

Beba filimbi. Ishara ya dharura milimani ni kupuliza mara 6 ndani ya dakika 1, kimya dakika 1, halafu tena. Anayejibu hupuliza mara 3. Ulizia pia namba ya dharura ya nchi uliyopo (112 inatumika Umoja wa Ulaya wote na kwingineko), na mtu anayebaki mjini ajue njia yenu, namba ya gari na saa ya kuanza kuwatafuta.

Radi: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, utapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ondokeni mgongoni mwa kilima, msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Koti la mvua beba hata kukiwa kweupe. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hushuka kama nyuzi 6.5.

mgeni_njiani
Wamejibu: kilomita 16, kupanda mita 900, mzunguko. Gari linatoka saa 4 asubuhi, mwendo wa saa moja. Jua linazama saa 12 na nusu.

Kanyaga_Taratibu
Kilomita 16 ni saa 3 na dakika 12. Mita 900 ni saa 1 na nusu. Jumla saa 4 na dakika 42. Ongeza theluthi, inakuwa saa 6 na robo hivi. Mkianza kutembea saa 5, mnamaliza saa 11 na robo jioni, bila mtu kuteguka wala kupotea. Akiba yenu ni saa 1 na robo ya mwanga, tena kwenye mzunguko. Ni ndogo. Waombe gari litoke saa 1, au mwende robo tatu ya njia ya kupanda na kurudi mlikotoka. Maji yako lita 3 na kidogo. Na mafuta ya gari changia kabla halijawashwa, jioni watakataa.