Moyo unaenda mbio ghafla, ECG inasema sawa: tuendelee kupima?

Swali (Bukavu): Jambo wandugu. Dada yangu ana miaka 34. Akiwa amekaa tu, moyo unaanza mbio, dakika kumi hivi, kisha unatulia. Kituo cha afya walimfanyia ECG (kipimo kinachoandika umeme wa moyo), wakasema hana kitu. Tuachie hapo?

Jibu 1: Hapana ndugu. ECG ya kawaida inaandika sekunde kama kumi tu. Moyo ukiwa umetulia wakati huo, haitaonyesha shida. Ukianza tena, aweke vidole viwili (si gumba, kina mapigo yake) ndani ya kifundo cha mkono, upande wa gumba, ahesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika hupata 60 hadi 100. Aandike hesabu, kama mapigo yanafuatana au yanavurugika, na mbio zilianzaje. Hilo la mwisho lina uzito: mbio za woga au homa hupanda na kushuka polepole, zile za hitilafu ya umeme wa moyo huanza papo hapo na kukatika papo hapo, mara nyingi zikiwa juu ya 150. Mkiwa karibu na hospitali, mkimbize ECG ifanywe moyo ungali mbioni.

Jibu 2: Labo waangalie hemoglobini (wingi wa damu), TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na potasiamu (chumvi ya damu inayosaidia mapigo). Mimi ningeanza na damu: malaria, hedhi nzito na mimba huipunguza, na damu ikiwa kidogo moyo lazima uizungushe haraka. Kuhara na kutapika humaliza potasiamu. Dawa je? Salbutamoli ya pumu hukimbiza moyo. Kinini nayo huvuruga mapigo, hasa seromu (dripu) yake ikifunguliwa iende haraka. Inatakiwa iingie polepole, kwa muda wa saa nne hivi.

Muulizaji: Asante. Kuna wakati anasema moyo unaruka pigo moja, kisha unagonga kwa nguvu.

Jibu 1: Hilo mara nyingi ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake, na kwa moyo mzima si hatari. Mapigo yakivurugika mfululizo ni jambo lingine: damu inaweza kuganda ndani ya moyo na kwenda kuziba ubongo, zaidi kwa mtu ambaye homa ya baridi yabisi ilimharibia vali (milango ya moyo) utotoni.

Jibu 3: Msingoje asubuhi akizimia, akibanwa kifua au akikosa pumzi. Mbio zikimshika katikati ya kupanda mlima wa Kadutu, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, aonwe na daktari wa moyo hata kama sasa anajisikia vizuri.