Kifurushi cha mwanamaji: boti, Posta, au nimpe msafiri mkononi?

Bint Limbani, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mawazo ya waliokwisha kuipita njia hii.

Mdogo wangu wa mwisho ni mwanamaji wa JWTZ, yuko Kigamboni. Idd hii hakupata ruhusa, na mama tangu siku ile hana raha. Jana kanipangia vitu juu ya jamvi: halua ya hapa hapa Wete, Pemba, vileja, visheti, ng'onda (samaki wa kukausha), chupa ya achari ya ndimu, kichupa cha mafuta ya karafuu na msuli mpya wa kujifunga kiunoni. Kaniambia, "Hivi vimfikie mwanangu, nami nitalala."

Mara ya mwanzo tuliharibikiwa. Tulimpa kijana wa jirani aliyekuwa anakwenda Dar, mtu mwema, hana baya. Akapata shughuli Unguja, akakaa wiki mbili, na boksi likakaa naye chini ya kitanda. Chupa ya achari ikavuja. Barua ya mama ikafika imelowa mafuta na manjano. Mdogo wangu aliianika dirishani, akaisoma nusu ya juu; nusu ya chini wino ulikuwa umeshatoka. Akanipigia simu kuniuliza mama alimalizia vipi. Sikuwa na la kumjibu, kwani mama aliiandika peke yake akaifunga. Nilipomuuliza alisema maneno ya barua hayasemwi mara mbili.

Sasa niko baina ya njia nne: kumpa msafiri tena, kuupeleka mzigo ofisi ya mizigo ya boti, kuutia Posta, au kutuma pesa kwa simu anunue mwenyewe. Wenye uzoefu, ipi inafaa?

Abuu Malindi

Waalaykum salaam dada. Mimi shughuli yangu ni mizigo hapa bandarini Malindi, Unguja, nitakwambia ninachokiona kila siku.

Mzigo wa Pemba kwenda Dar una safari mbili, Pemba hadi Unguja, kisha Unguja hadi Dar. Mingi inayopotea haipotei baharini, inapotea hapa katikati. Unashushwa, hauna mwenyewe, simu iliyoandikwa juu yake ni ya mtu aliye Wete au ya mtu aliye Dar, na hapa Unguja hakuna wa kuujibia. Kwa hivyo ukitumia boti, uwe na mtu Unguja wa kuupokea na kuuandikisha upya. Kutoka hapa kwenda Dar boti ya kasi ni kama saa mbili, ukipakiwa asubuhi mchana uko Dar.

Jambo la pili, na hili watu wengi hawalifikirii: askari hatoki kambini anapotaka. Ukiandika jina lake kama mpokeaji, mzigo utamngoja yeye, naye atangoja ruhusa. Andika jina la mwenyeji wenu Dar kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, siyo "Mama Fulani". Nimewaona watu wakirudishwa dirishani kwa sababu boksi limeandikwa jina la mtaani.

Na msifunge kwa mifuko ya plastiki. Bara imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na huku kwetu marufuku ilitangulia. Tumieni kitambaa, makopo na boksi gumu lililofungwa kamba.

Ummu Salma

Mume wangu ana miaka kumi na moja kwenye maji, nimejaribu zote. Posta msiidharau. Unaandika jina kamili, cheo, namba yake ya jeshi na sanduku la posta la kikosi, basi. Hata akiwa baharini kinapokelewa na kumngojea, na huhitaji kumsumbua mtu yeyote kwenda gatini. Ila si njia ya chakula. Mimi Posta natia nguo, soksi, picha za watoto, daftari. Kifurushi kidogo kisizidi kilo mbili, gharama yake inabebeka. Msuli na barua ningevitia huko, halua ningeipeleka kwa boti.

Kijana wa Chake

Dada tuma pesa. Kariakoo kila kitu kipo, mpaka halua. Ndani ya dakika moja ameshaipata.

Bint Limbani, Wete

Kaka'ngu, pesa huwa namtumia, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mama hataki kumpelekea halua tu. Anataka mwanawe ajue kwamba ile imetoka kwenye mkono wake.

Mzee wa Kibweni

Mwanangu, nimekusoma. Mimi ni mstaafu wa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, kwa hivyo sikuwa jeshi hilo la mdogo wako, lakini bahari ni moja na kambi ni kambi.

Kwanza, umesema Kigamboni, na kila mtu anajua wanamaji wako Kigamboni, hapo hujakosea. Usiendelee zaidi ya hapo. Usiandike hapa jina la chombo chake, wala siku anayotoka baharini, wala siku anayorudi. Si hapa, si kwenye hali ya simu yako, na usiandike juu ya boksi. Familia husema mambo haya kwa mapenzi tu, lakini asiyehusika naye anasoma.

Pili, mzigo utafunguliwa getini. Usikasirike. Kijana wa lindo ana amri yake. Fungeni kwa namna inayofunguka na kufungika tena bila kisu, na juu kabisa muweke karatasi yenye orodha ya vilivyomo. Mkaguzi akiiona orodha na vitu vikalingana nayo, kazi inakwenda upesi na vitu havivurugwi.

Tatu, na hili nalisema kwa kuwa nimelifanyia kazi umri wangu wote: mama asitie karafuu kavu. Najua huko kwetu karafuu iko kila nyumba, na mtu anaona kilo mbili ni zawadi tu. Karafuu ya mkulima hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na kuivusha bahari bila kibali ni magendo. Nimewahi kumzuia bibi wa watu gatini na kifuko chake, na moyo uliniuma, lakini sheria haikunipa nafasi ya kuchagua. Kichupa cha mafuta ya karafuu cha dukani, chenye lebo yake, hakina neno. Kinamfaa kwa jino na kwa maungo.

Mpemba wa Ughaibuni

Salaam kutoka Ohio. Mtoto wa dada yangu yuko Jeshi la Maji la Marekani, nami natuma mara kwa mara, basi nieleze na ya huku kwa wenye jamaa kama mimi.

Huku anwani ya mwanamaji aliye melini haina mji wala nchi. Unaandika jina lake, jina la meli yake, kisha FPO, yaani posta ya meli za jeshi, herufi AP kama yuko upande wa Pasifiki au AE kama yuko Ulaya na Mashariki ya Kati, na namba ya posta. Ukiandika jina la bandari waliyopo unaharibu, maana kifurushi kinaweza kutumbukia katika posta ya nchi ile. Inajazwa fomu ya forodha hata kama unatuma ukiwa ndani ya Marekani. Boksi kubwa la bei moja unalijaza mpaka paundi 70 na bei haibadiliki, tena kwa anwani za jeshi linashushwa bei kidogo.

Kwa hivyo mliopo Zanzibar na mna kijana katika jeshi hilo, msitume moja kwa moja. Mleteeni mzigo jamaa aliye huku, naye autie kwenye boksi hilo. Nyama, matunda mabichi na mbegu msithubutu. Na msihesabu siku, kifurushi huifuata meli kutoka bandari hadi bandari. Visheti vya mama yangu vilimfikia baada ya wiki saba. Vilikuwa vikavu vile vile, sukari imeshikana tu kidogo.

Bi Mwanakombo

Na mimi niseme la jikoni, kwa sababu nyote mmezungumza boti na geti.

Halua haina tabu, ina sukari na samli, hukaa wiki nyingi bila friji. Itoe kwenye kijikapu cha ukili uitie kwenye kopo la maziwa ya unga lililokauka vizuri. Vileja ndivyo vinavyohitaji mkono. Unga wa mchele hauvumilii kubanwa, vikitiwa ovyo vinafika unga mtupu. Vipange kwa tabaka, baina ya tabaka karatasi, nafasi zilizobaki jaza visheti vidogo vidogo ili visicheze. Na vipoe usiku kucha kabla ya kufunika. Mvuke kidogo tu ukibaki ndani ya kopo, siku ya nne kuna ukungu.

Ng'onda mwanangu muache. Si kwamba si mzuri, lakini analala na wenzake, na harufu ya ng'onda kwenye chumba cha watu kumi si ya kumtakia mtoto. Badala yake nunueni dagaa wakavu, wakaange mpaka wavunjike kwa kidole, chumvi, pilipili na ndimu kidogo, wapoe, watie kopo lao. Atakula na wenzake kwa ugali, na watakuombeeni dua.

Achari isisafiri na karatasi. Kama mama hakubali kuiacha, mfuniko ufungwe kwa kitambaa, chupa isimame ndani ya kopo lake peke yake.

Ummu Salma

Bi Mwanakombo umesema kweli tupu kuhusu mvuke. Mimi nilipoteza kopo zima la mikate ya ufuta hivyo hivyo.

Abuu Malindi

Nimesahau moja. Upepo wa kusi ukichachamaa boti huahirishwa, na mkondo wa Nungwi ndio unaosumbua njia yenu ya Pemba. Msitume Ijumaa jioni mkitarajia Jumamosi afike. Pelekeni mwanzo wa wiki.

Bint Limbani, Wete

Nashukuruni nyote, mzee wangu wa Kibweni shikamoo. Tumeamua hivi. Chakula kwa boti, siku ya Jumatatu. Unguja atakipokea binamu yangu wa Mtoni na kukiandikisha upya. Dar atakichukua shangazi, kisha avuke kwa pantoni la Magogoni, pale si mbali na boti zinaposhukia. Msuli na soksi kwa Posta. Ng'onda umebaki nyumbani, mama kakubali baada ya kumsomea maneno ya Bi Mwanakombo mara mbili. Achari pia. Barua kaiandika upya, nimeitia peke yake kwenye bati la biskuti na kulizungusha utepe wa gundi.

Bint Limbani, Wete

Narudi kuwapa habari. Boksi lilifika Dar Jumanne, Jumamosi akapata ruhusa na shangazi akamkabidhi getini. Walilifungua, wakasoma orodha, wakalifunga. Vileja vilivunjika vitatu tu. Dagaa hawakumaliza siku mbili, wenzake wameuliza lini tunatuma tena.

Barua ilikuwa kavu. Amenambia ameisoma yote hadi mwisho. Nilimuuliza mama kasema nini, akanijibu maneno ya barua hayasemwi mara mbili.