Amri ya kumwona mtoto ikivunjwa: skrinishoti zitoshe bila cheti?

Mleta mada: Nazungumzia Kenya. Amri inasema baba amchukue mtoto kila Jumamosi saa nne asubuhi. Akifika, geti limefungwa. Anapeleka skrinishoti za WhatsApp kortini, zinakataliwa kwa sababu hazina cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, yaani maelezo yaliyosainiwa ya jinsi ushahidi wa kidijitali ulivyotolewa. Ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito mkubwa kabisa. Nasema cheti hiki kiondolewe katika mahakama za watoto. Wajuzi, karibuni.

Wakili wa familia: Ndugu, umechanganya mambo mawili. Korti inapoamua mtoto akae na nani, hakimu ana nafasi pana: ripoti ya afisa wa watoto, mazungumzo na mtoto faraghani. Ila ombi la kumwadhibu mtu kwa kudharau mahakama, yaani kuvunja amri yake, linaweza kumpeleka mzazi jela. Tangu kesi ya Mutitika dhidi ya Baharini Farm (1985), kiwango cha kuthibitisha kimepita kile cha madai ya kawaida na kukaribia cha jinai. Lazima uonyeshe kwamba amri iko wazi, kwamba mwenzako aliijua, na kwamba aliivunja makusudi. Hilo la kuijua limelegezwa: kesi ya Shimmers Plaza (2015) ilisema kujua kunatosha hata kama hakukabidhiwa nakala mkononi. Hilo la makusudi ndilo linaloua maombi mengi.

Mleta mada: Sawa wakili, lakini kifungu cha 78A cha sheria hiyohiyo kinakataza ushahidi wa kidijitali kukataliwa kwa sababu tu si nakala asili.

Wakili wa familia: Nakala asili ni hoja moja, cheti ni nyingine. Nacho si mlima, ni ukurasa mmoja: simu ya aina gani, ujumbe ulitolewaje, ukachapishwa kwa mashine ipi, kisha sahihi. Kosa la kila siku ni kumpa karani wa ofisi asaini, na simu hajaigusa. Asaini aliyeishika na kuchapisha.

Karani wa korti: Niongeze ya mezani. Skrinishoti nyingi hukatwa juu, tarehe haionekani, na jina lililohifadhiwa ni "Mama Watoto" bila namba. Upande wa pili akikana, umekwama. Toa mazungumzo yote kama faili, usichague mistari inayokupendeza, na onyesha namba ya simu. Sauti iandikwe neno kwa neno. Ikiwa ni ya Kikamba au Kiluo, iambatane na tafsiri na kiapo cha mfasiri. Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, nayo watu huitegemea mno. Inathibitisha kwamba uliripoti, haithibitishi kilichotokea getini.

Afisa wa watoto: Mimi naunga mkono cheti, ila kuna uovu mkubwa zaidi: mzazi kumrekodi mtoto akiulizwa "unampenda nani?" au kuweka programu ya kunasa mazungumzo kwenye simu ya mtoto. Ibara ya 50(4) ya Katiba inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe ukiharibu haki ya kesi au utoaji wa haki. Na "mtoto alisema hataki kwenda" ndani ya hati ya kiapo ya mama ni maneno ya kusikia tu. Omba hakimu amsikie mtoto mwenyewe.

Mleta mada: Basi mzazi asiye na wakili afanyeje?

Wakili wa familia: Atume ujumbe siku moja kabla: "Kesho saa nne, kama aya ya 3 ya amri." Afike kwa wakati na shahidi asiye ndugu, angoje, kisha atume mwingine: "Nimefika, sikupewa mtoto." Kila tukio liwe na tarehe, saa, aya ya amri na kielelezo chake. Ikiwa alituma nauli ya mtoto kwa M-Pesa, taarifa yake pia ni kielelezo. Asijibu kwa kusimamisha pesa za matumizi ya mtoto, maana hilo ni kosa jipya lisilofuta la kwanza. Na mama mwenye mtoto mgonjwa atume karatasi ya kliniki siku ileile, si wiki ya kesi.

Karani wa korti: Tena msomi, hata ushahidi uwe dhahabu, amri ikisema tu "apewe nafasi ya kutosha ya kumwona mtoto," hakuna cha kuvunja. Nafasi ya kutosha ni saa ngapi? Wapi? Nani anamleta? Likizo ya Desemba je? Faili za namna hii ndizo zinazorudi.

Mleta mada: Hapo nakubali nusu. Cheti kibaki kwenye ombi la kumfunga mtu. Lakini mzazi anayeomba tu Jumamosi aliyonyimwa afidiwe, bila kumwadhibu yeyote, bado sioni kwa nini adaiwe ukurasa huo.