Kuchambua magazeti ya Uingereza yalivyoandika rangi na uhasama wa mitaa kwenye drill ya London

Mabibo_Hosteli

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa utafiti wa mwaka wa tatu kuhusu jinsi magazeti ya Uingereza yalivyouchora muziki wa drill wa London (aina ya rap inayosimulia maisha na ukatili wa mitaani) kati ya 2017 na 2019, hasa suala la rangi na la mitaa kuhasimiana. Njia ni kuchambua maudhui. Tuko wawili na tuna wiki nane.

Nimekwama sehemu tatu. Habari nizitafute vipi na zinatosha ngapi? Rangi niipimeje wakati nimesoma habari kama thelathini za mwanzo na neno "mweusi" halimo kabisa? Na picha niziingize au niachane nazo? Msimamizi anasema nikikosa maneno ya rangi basi niandike kwamba rangi haikuwa hoja. Mimi sikubaliani naye, ila sina cha kumjibu.

mchujo_na_takwimu

Mkuu, usiandike hivyo hata kidogo. Magazeti mengi makubwa ya Uingereza yanafuata kanuni za maadili zinazosimamiwa na IPSO, chombo cha kusimamia magazeti huko, na kifungu cha 12 kinakataza kutaja rangi ya mtu isipokuwa kama inahusika kweli na habari. Kwa hiyo kukosekana kwa neno hilo ni matokeo ya kanuni, hakukuonyeshi gazeti linamchoraje msanii. Rangi inahamia kwenye picha, kwenye jina la mtaa, kwenye ukurasa habari ilikowekwa na kwenye kitenzi kinachounganisha wimbo na kisu. Huko ndiko upime.

Kutafuta: usiweke "drill" peke yake. Utaletewa visima vya mafuta, madaktari wa meno, mazoezi ya zimamoto na gwaride la jeshi. Weka "drill" iwe ndani ya maneno matano kutoka "music", "rapper", "video" au "lyrics". Kanzidata za habari za magazeti kama Nexis na Factiva zinaruhusu hilo. Kisha toa nakala. Habari moja ya wakala wa habari inaweza kutokea kwenye magazeti sita ikiwa imebadilishwa sentensi mbili tu. Ukiziacha zote utahesabu mwandishi mmoja mara sita. Lakini usizitupe moja kwa moja: kwenye jedwali lenu la kuainisha weka safu ya "imetoka kwa wakala" na uandike imetumiwa na magazeti mangapi, kwa sababu kuenea nako ni matokeo.

Idadi: wengine watakushauri utumie wiki ya kuundwa, yaani kuchagua Jumatatu moja kwa bahati nasibu, Jumanne moja, mpaka Jumapili. Hiyo inafaa kwa mada inayotokea kila siku. Drill haikuandikwa kila siku. Iliandikwa kwa mafuriko, halafu kimya. Utaangukia wiki tupu. Chukua magazeti manne, mawili ya udaku na mawili makini, na uchukue habari zote. Zikizidi 250, gawa kwa miezi na uchague kwa bahati nasibu ndani ya kila mwezi. Ukihesabu dakika 15 kwa habari moja, 240 ni saa 60. Wawili mnaziweza.

Kipande cha kuchambua kiwe habari nzima, ila kichwa cha habari kipewe safu zake peke yake. Mara nyingi kichwa kinaandikwa na mhariri wa ukurasa, siyo mwandishi, na ukali mwingi uko hapo. Safu ambazo mimi nisingeziacha:

– nani ananukuliwa kwanza (polisi, mwanasiasa, mzazi, msanii, mtaalamu), na kama msanii ananukuliwa popote;
– ukurasa: uhalifu, siasa, au sanaa;
– kitenzi cha sababu, kwa ngazi tatu: muziki unasababisha, unahusishwa, au unasimulia;
– mtaa au postikodi imetajwa kwenye kichwa, mwilini, au haikutajwa;
– mashairi yamenukuliwa mistari mingapi, na kama gazeti limeyachukulia kama ushahidi wa tukio au kama tungo.

Hiyo ya kitenzi ndiyo itakayowagombanisha. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba mnaangalia sentensi ya gazeti lenyewe tu, siyo maneno ya polisi yaliyo ndani ya alama za kunukuu. Mkichanganya, mtalihukumu gazeti kwa kauli ya mtu mwingine. Kauli za walionukuliwa zipewe safu yake.

Sasa kupima kama mnaainisha sawa. Kila mmoja aainishe peke yake habari 50 zilezile bila kuulizana. Msiripoti asilimia ya kukubaliana tu, inadanganya. Chukua safu ambayo 90 kati ya 100 ni "hapana". Watu wawili wanaojaza kwa kubahatisha, kila mmoja akiweka "hapana" mara 90, watakubaliana mara 82 kati ya 100 bila kusoma chochote. Kwa hiyo mkikubaliana 88, alfa ya Krippendorff (kipimo cha makubaliano kinachoondoa ya kubahatisha) inakuja kama 0.33, ambayo ni mbovu. Lengo ni 0.80 kwenda juu. Kati ya 0.667 na 0.80 mnaweza kutoa hitimisho la tahadhari. Chini ya hapo andikeni upya maelezo ya safu na mrudie kwa habari nyingine 50, siyo zilezile.

BibiMagazeti

Mwanangu, mwenzangu hapo juu kakueleza vizuri, lakini bado unakosa kitu kimoja ambacho bila hicho msimamizi atakubwaga: cha kulinganisha nacho. Ukisema asilimia fulani ya habari za drill ziko ukurasa wa uhalifu, nitakuuliza, na muziki mwingine je? Chukua habari 60 za magazeti hayohayo, miaka hiyohiyo, za wanamuziki wa roki au wa indi walioshtakiwa kwa kupiga watu, madawa au silaha. Ainisha kwa safu zilezile. Hapo ndipo utaona kama kosa la mmoja linaandikwa kuwa la mtu binafsi na la mwingine linaandikwa kuwa la muziki wote.

Jibu la msimamizi wako lipo tangu 1996. Mtafiti wa Marekani, Carrie Fried, alichukua mashairi ya wimbo wa folk wa mwaka 1960 kuhusu mtu aliyemuua askari, akawapa watu wasome. Waliodanganywa kuwa ni rap waliyaona ya hatari kuliko walioambiwa ni folk au kantri. Akabadilisha pia picha ya mwimbaji: mweusi, au mzungu. Picha ya mweusi ikaongeza hofu, maneno yakiwa yaleyale. Mwaka 2016 Dunbar, Kubrin na Scurich walirudia jaribio la namna hiyo, na jina la rap peke yake likaendelea kufanya kazi ileile. Hakuna neno la rangi ndani ya mashairi hayo, na bado hukumu ilibadilika. Mpelekee hilo.

Picha, kwa hiyo, uziingize. Angalia tu mtego mmoja. Uingereza picha ya mtuhumiwa iliyopigwa na polisi kwa kawaida hutolewa akishahukumiwa, na mtoto chini ya miaka 18 aliyeko mahakamani mara nyingi hatajwi wala haonyeshwi. Gazeti likikosa picha ya mhusika, linachukua kipande cha video ya muziki: vijana kumi weusi wenye kofia na barakoa, na wengi wao hawana kesi yoyote. Safu ya picha iwe na vyumba vinne: picha ya polisi, kipande cha video, picha ya jukwaani au ya studio, picha ya familia. Halafu safu ya pili: watu wangapi wako pichani, na wangapi kati yao habari inawahusu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kiini cha kazi yako.

Mabibo_Hosteli

Asante sana Bibi, na asante mkuu. Nexis tunayo chuoni, ila inaleta maandishi matupu, picha hakuna. Na je, kuna matukio gani niyaweke kwenye grafu ili nijue mafuriko yalitokana na nini?

kamera_na_kanda

Picha: chukua kichwa cha habari kutoka Nexis, kitafute kwenye tovuti ya gazeti, halafu fungua anuani hiyo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, na uchukue nakala ya karibu kabisa na siku ya kutoka. Usitegemee ukurasa wa leo. Vichwa hubadilishwa ndani ya saa chache na picha hubadilishwa baada ya hukumu. Hifadhi picha ya skrini na tarehe ya nakala. Zile ambazo hazikuhifadhiwa andika "haipo", usiandike "hakuna picha". Hivyo ni vitu viwili tofauti na vitakuharibia hesabu. Kwa Guardian unaweza kuomba ufunguo wa bure wa programu yao (API) na kuvuta habari pamoja na jina la sehemu iliyowekwa, inakuokolea siku nzima.

Matukio ya grafu yatenge makundi mawili: yaliyoanzishwa na polisi na mahakama, na yaliyoanzishwa na muziki (albamu, tuzo, chati). La kwanza lilianza kabla ya miaka yako lakini bila hilo huelewi chochote: Fomu 696. Polisi wa London waliianzisha 2005, mapromota wakitakiwa kuijaza siku 14 kabla ya shoo, na majina halisi, anuani na simu za wasanii. Toleo la mwanzo liliuliza pia aina ya muziki na kundi gani la kikabila litahudhuria. Swali la kabila liliondolewa baada ya malalamiko, ila fomu ikabaki mpaka Novemba 2017 ilipofutwa. Yaani serikali ilikuwa imeshaunganisha rangi, muziki na hatari kwenye karatasi miaka mingi kabla magazeti hayajalijua jina drill.

Mengine: Mei 2018 YouTube inaondoa video kama 30 kwa ombi la polisi. Mei hiyohiyo Amnesty, shirika la haki za binadamu, inatoa ripoti juu ya orodha ya polisi ya watu wa magenge, asilimia 78 wakiwa weusi, wakati takwimu za polisi wenyewe ziliwahusisha weusi na asilimia 27 ya ukatili mkubwa wa vijana. Juni 2018 vijana watano wa kundi la drill la 1011 wanapewa amri ya mahakama inayobana hata utoaji wa nyimbo. Januari 2019 wasanii wa drill Skengdo na AM wanapewa kifungo cha miezi tisa kilichoahirishwa kwa kuimba jukwaani wimbo uliovunja zuio la mahakama. Hesabu habari za siku saba baada ya kila tukio. Ripoti ya Amnesty na kufutwa kwa video viko mwezi mmoja: angalia kipi kilipata kurasa ngapi.

Ngarenaro_Juu

Naongeza upande wa uhasama. "Vita vya postikodi" ni kauli ya magazeti zaidi kuliko ramani. Postikodi za London kama SE15 au SW9 ziligawanywa kwa ajili ya kupanga barua, na makundi mawili yasiyoelewana yanaweza kukaa ndani ya postikodi moja, kwenye majengo mawili ya manispaa yanayotazamana. Kwa hiyo ukikuta postikodi, andika kama habari inataja kundi au jengo mahususi, au inawatuhumu wakazi wote wa eneo. Nyumbani tuliwahi kuona namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, makundi ya muziki ya Dar, East Coast Team ya Upanga na Wanaume wa Temeke, waliposimuliwa kama ushuani dhidi ya uswahilini. Halafu Wanaume wenyewe wakagawanyika, Family huku na Halisi ya Juma Nature kule, wote Temeke, na simulizi ya mtaa kwa mtaa ikakosa maelezo.

Usiweke pia safu ya "hasi/chanya" ukadhani umemaliza. X Plastaz wa Arusha walipotoa albamu yao Ujerumani mwaka 2004 iliitwa "Maasai Hip Hop". Mmasai kundini alikuwa Yamat, aliyeimba kwa Kimaasai. Wengine walikuwa wanachana Kiswahili cha mitaa ya Arusha. Ukiainisha sifa za namna hiyo utapata "chanya" tupu, huku kundi zima limefichwa nyuma ya shuka jekundu la mmoja. Kwa drill weka safu inayouliza: msanii anaelezwa kwa ufundi wake (mitiririko, mdundo, utunzi) au kwa asili na mtaa wake? Habari za ukurasa wa sanaa ndizo zitakazokushangaza hapo, kwa hiyo zisipungue 40 kwenye sampuli yako.

mchujo_na_takwimu

Naunga mkono. Safu ya ufundi ihesabiwe kwa sentensi, siyo ndiyo/hapana, maana karibu kila mapitio ya albamu yatakuwa na sentensi moja ya mdundo. Na mjaribu jedwali lote la kuainisha kwa habari 20 ambazo hazimo kwenye sampuli, wiki ya kwanza, kabla hamjagusa nyingine.