Nimepangiwa fildi ofisini, ila mota zinasukwa mtaa wa Gerezani. Nihame au nibaki?

Binti_wa_Tandika

Habarini wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Nasoma stashahada ya uhandisi umeme, mwaka wa pili, naishi Tandika kwa mama mkubwa. Chuo kilituambia kila mtu ajitafutie nafasi ya fildi. Nikatembeza barua kuanzia Posta hadi Mikocheni, mwisho kampuni moja ya Masaki ikanipokea. Nyumbani walifurahi mno, maana ni kampuni inayojulikana na ofisi zake zinapendeza.

Tatizo ni kazi ninayopewa. Napokea wageni, natoa kopi za ankara, napeleka bahasha, saa saba nafuata chakula cha wakubwa. Mafundi wakipanda gari asubuhi kwenda saiti, mimi nabaki mapokezi. Nimeomba niende nao. Kwanza niliambiwa gari limejaa, halafu mteja hataki wanafunzi, na juzi supavaiza akasema wazi kwamba saiti si mahali pa msichana. Nikamjibu kwa heshima kuwa chuoni nafunga stata ya nyota-delta (kiwashio cha mota) kama wenzangu wa kiume na inawaka. Akanipa ankara nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni logbuku. Kila jioni kuna sehemu ya kujaza shughuli za siku. Yeye ananiambia niandike "matengenezo ya mfumo wa umeme", atasaini. Mimi sitaki kuandika kitu ambacho mikono yangu haijakigusa. Nikiajiriwa kesho kwa karatasi hiyo, nikapewa paneli yenye volti 400, ile saini itanisaidia nini?

Sasa sikilizeni. Mota ya mashine ya kusaga ya mjomba wangu kule Yombo iliungua, nikamsindikiza kuipeleka Gerezani kwa mzee mmoja anayesuka mota, yaani anatoa waya ulioungua na kutia mpya. Nilitegemea ataipokea, ataje bei, basi. Yule mzee alifungua kifuniko, akachomoa rota (sehemu inayozunguka), akamulika ndani kwa tochi ya simu, akaniita: "Binti, njoo uhesabu." Stata ya mota (sehemu isiyozunguka, si kile kiwashio) ina sloti 36, yaani mifereji ya kulaza waya, na mafungu 12 ya koili. Mafungu manne yalikuwa meusi tii, yamepangana kwa nafasi sawa kuzunguka stata. Manane yaliyobaki yalikuwa na rangi yake ya shaba kabisa.

Akaniuliza, "Hii imekufa kwa nini?" Nikasema mzigo ulizidi. Akasema mzigo ukizidi, koili za fezi zote tatu, yaani za njia zote tatu za umeme, zinaungua pamoja. Hii imefungwa delta (delta na nyota ni namna mbili za kuunganisha koili za fezi tatu) na imeungua fezi moja peke yake, maana yake umeme ulikuwa unaingia kwa njia mbili, ya tatu imekatika. Ingekuwa imefungwa nyota, fezi mbili ndizo zingekuwa nyeusi na moja ingepona. Akamgeukia mjomba, akamwambia asirudishe mota hii kabla hajakagua fyuzi na kontakta (swichi inayopitisha umeme kwenda kwenye mota), la sivyo atarudi nayo tena imeungua vilevile. Mjomba alipofungua boksi lake la kiwashio alikuta ncha moja ya kontakta imeliwa, haigusi.

Wakuu, haya nimeyasoma darasani kwa michoro. Pale niliyaona kwa macho na nikayanusa, maana vanishi (ile ya kupaka koili) ikiungua ina harufu yake. Nilimwomba yule mzee anipokee, akasema nije hata kesho, masharti yake ni mawili tu: nisivae nguo inayoning'inia na nisiguse kitu kabla ya kupima.

Karakana yake ina leseni ya biashara na muhuri, ila haina jina kubwa. Je, chuo kitakubali? Na nikiondoka Masaki katikati ya fildi, alama zangu zitakuwaje? Naombeni ushauri wa kweli.

Mkufunzi_Temeke

Mdogo wangu, marahaba. Mimi nafundisha ufundi na nimekagua wanafunzi wa fildi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakuambia tunavyofanya.

Usihame kimyakimya. Mkaguzi wa chuo akifika Masaki asikukute, kwenye fomu anaandika hukuwepo, na hapo hata ungekuwa umesuka mota zote za Gerezani hutapata alama. Nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara yako, si kwa mwalimu yeyote tu. Peleka barua fupi ya kuomba kubadilishiwa kituo, ambatanisha barua ya kukubaliwa kutoka kwa huyo mzee yenye muhuri, eneo la karakana, na jina la atakayekusimamia. Sisi mkaguzi anachotazama ni kama kuna mtu mwenye ujuzi wa kukusimamia na kama kazi inaendana na mtaala wako. Ukubwa wa jengo hautuhusu.

Na logbuku yako ya Masaki iache ilivyo. Iandike kweli hivyo hivyo: leo nimetoa kopi za ankara, leo nimepokea wageni. Hiyo ndiyo hoja yako kwa mratibu, na ina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo. Nimekuwa nikisoma logbuku zilizojaa "matengenezo ya mfumo wa umeme" ukurasa baada ya ukurasa. Ukimuuliza kijana mfumo upi, anatazama chini. Inanisikitisha kila mara, kwa sababu wengi wao hawakupenda iwe hivyo.

Kijana_wa_Posta

Mimi nina mawazo tofauti kidogo, dada. Usilidharau jina la kampuni kwenye wasifu wako. Nilifanya fildi sehemu ya aina hiyo, kazi kubwa ilikuwa mafaili, lakini aliyekuja kuniita kazini baadaye alikuwa mhasibu niliyekuwa nampelekea hizo ankara. Dar kazi nyingi zinapita kwa watu wanaokufahamu. Kama unaweza kubaki hapo Jumatatu hadi Ijumaa na kwenda kwa mzee Jumamosi, una pande zote mbili. Fikiria kabla hujafunga mlango.

Binti_wa_Tandika

Ahsante kaka, nimekuelewa, na mama mkubwa anasema maneno hayohayo. Ila Jumamosi moja moja haitoshi. Mota inafunguliwa leo, inasukwa kesho, vanishi na kukausha keshokutwa, kupima siku inayofuata. Nikienda Jumamosi nitakuta kipande tu.

Fundi_Kontakta

Nakuunga mkono kuhama, ila kwanza hakikisha huyo mzee ni wa kukufundisha, maana Gerezani mafundi tuko wengi na hatufanani. Nikupe vitu vya kutazama.

Tazama anavyotoa waya wa zamani. Fundi anayerusha stata kwenye moto wa wazi ili koili zitoke haraka anaharibu kazi. Zile bati nyembamba za stata zimepakwa kitu kinachozitenga moja na nyingine, moto mkali unakiunguza. Mota itazunguka, ndiyo, lakini itakula ampea nyingi hata bila mzigo na itachemka. Mteja atalaumu waya.

Tazama kama ana daftari. Sisi kabla ya kukata koili tunaandika: idadi ya sloti, mizunguko ya kila koili, geji (unene) ya waya, koili inaruka kutoka sloti ipi kwenda ipi, na imefungwa nyota au delta. Daftari la fundi mzoefu lina mota za kila aina. Akikuruhusu kunakili, mdogo wangu, shukuru Mungu, wengine hawaonyeshi hata mtoto wao.

Halafu tazama kama ana mega (kipimo cha kujua kama umeme unavuja) na anaitumia kabla ya kukabidhi. Mota ya volti 400 unaipima kwa mega ya volti 500, kati ya koili na bodi ya mota, na kati ya fezi na fezi. Ikisoma chini ya megaomu moja hairuhusiwi kuondoka. Baada ya hapo iwashwe bila mzigo, ampea za fezi zote tatu zipimwe kwa klampu mita (ile ya kubana waya), zikaribiane. Fundi anayewasha akasikiliza tu mlio, akasema "iko poa", huyo mwache.

Dada_Saiti

Nimesoma yote, nataka kusema kuhusu lile neno aliloambiwa. Mimi ni fundi umeme, nina leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na nimepanda ngazi kwenye majengo ya Kariakoo nikiwa na mimba ya miezi minne (daktari wangu akijua, na kwa mkanda wa usalama). "Saiti si mahali pa msichana" usilichukue hata hatua moja. Kwenye barua ya kwenda kwa mratibu liandike, tarehe na mahali. Andika taratibu bila matusi, ila liandike. Ukinyamaza, mwakani watampeleka mwanafunzi mwingine wa kike palepale naye atakaa mapokezi.

Na kwa mzee nenda na viatu vyako vya kazi, usisubiri kupewa.

Binti_wa_Tandika

Wakuu, nimerudi. Barua nimeipeleka kwa mratibu na lile neno nimeliandika kama dada alivyosema. Amesoma logbuku yangu kurasa zote mbele yangu, kisha akasema atapita mwenyewe Gerezani kuiona karakana kabla ya kusaini uhamisho. Nimemwambia mzee, amefurahi, ameanza kupanga meza.

Fundi Kontakta, daftari lipo. Ni kaunta buku mbili zimeshonwa pamoja kwa waya wa mota, na amesema nianze kunakili mota za mashine za kusaga kwanza. Mega ipo pia, ile ya kuzungusha kwa mkono. Moto sijauona. Anakata vichwa vya koili upande mmoja kwa patasi, anapasha taratibu, anavuta upande wa pili.

Nina swali moja limebaki: geji ya waya yeye anapima kwa mikromita yake na haazimishi mtu. Nataka yangu. Kariakoo mtaa gani wanauza ambayo ni ya kweli, na inaweza kuwa shilingi ngapi?